Soja Alifungwa Mchana

Kama mbwa amekuuma leo, usinisome kwanza. Nenda kwenye maji. Fungulia mfereji, au mwambie mtu akumiminie kwa jagi, chukua sabuni, hata kile kipande cha kufulia, uoshe kidonda mpaka anayekuoshea alalamike kwamba mkono umechoka. Mwambie aendelee. Halafu nenda hospitali. Ukirudi, nyoosha mguu mahali, ndipo tuzungumze.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mimi sikuoshwa. Mimi nilipakwa manyoya.

Naitwa Nasimiyu. Ni fundi wa cherehani mjini Kitale, karibu na msikiti, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Nyumbani kwa mume wangu, Wekesa, ni upande wa Bumula, Bungoma, na kila mvua za kwanza zikishuka huwa tunakwenda huko kumsaidia baba mkwe kupanda mahindi. Mama mkwe alishatutoka. Mzee anaishi na mdogo wake Wekesa, shemeji yangu Simiyu, na wakati huo alikuwa pia na mbwa wake, Soja. Jina lilikuwa ndiyo kazi: soja kwetu ni mlinzi. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamesumbua kijiji kizima, lakini zizi la mzee halikuguswa, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya Soja. Mzee alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na hakuficha.

Jambo lingine ujue kabla sijaendelea. Kwetu, mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hamshiki mkono, haketi naye benchi moja, hampi kitu mkononi. Chai naiweka juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo mzee anaichukua. Nimefanya hivyo tangu niolewe na sijawahi kuona tabu.

Basi siku hiyo ya kupanda nilikuwa nimeinama kuweka kikombe kwenye kigoda. Soja alikuwa chini ya ghala kwenye mnyororo wake, mnyororo mrefu, na alinijua tangu akiwa mdogo. Hakubweka. Mbwa akibweka unajua ujipange vipi. Huyu alitoka kimya akanishika mguu wa kulia, hapa nyuma kwenye shavu la mguu, na nilisikia ngozi ikiachana kabla sijasikia uchungu. Nikaanguka juu ya chai ya moto. Alikuwa anatikisa kichwa vile anavyotikisa panya, na kila akitikisa nilikuwa naburutwa.

Mzee alikuwa karibu sana. Angenyoosha mkono angenifikia begani. Hakunyoosha. Alimpiga Soja kwa fimbo mpaka fimbo ikakatika, akampiga kwa kipande kilichobaki, huku anaita watoto wake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi nanyoosha mikono yangu kwake, na yeye anarudi nyuma. Sikumlaumu wakati ule, na ni ajabu kwamba hata katikati ya meno ya mbwa nilikumbuka kuwa huyu ni baba mkwe.

Wekesa na Simiyu walitoka shambani mbio na majembe na panga. Wekesa akainua jembe, mzee akamrukia mkono.

"Wacha! Utaua soja yangu!"

"Inakula bibi yangu, mzee!"

Walisukumana hapo juu yangu, baba na mwana, nami napiga mayowe. Simiyu ndiye aliyepata akili. Aliingiza mpini wa panga kati ya meno ya Soja akabandua, na jino moja likakatika likabaki ndani ya mguu wangu. Nililiona baadaye kwenye sahani ya hospitali.

Halafu ndiyo manyoya. Mzee alimwambia Simiyu anyoe nywele za mgongo wa Soja, akazichoma kwenye kigae, na majivu yale yakabandikwa kwenye kidonda. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Uchungu wake ulinifanya nimpige Simiyu kofi la uso, shemeji yangu aliyetoka kuniokoa. Alishika shavu tu.

Kwenye kituo cha afya cha kwanza, muuguzi alinitazama mguu akauliza, "Nani ameweka hii makaa?" Akaniosha. Aliniosha kwa sabuni na maji mpaka nikafikiri ameniwekea kisasi. Kisha akasema chanjo ya kichaa cha mbwa hana, imeisha, twende Kitale usiku huohuo tusingoje asubuhi. Na akamwita afisa wa mifugo.

Afisa alikuwa kijana mpole, anatembea na pikipiki iliyojaa matope. Alituambia sheria tukiwa palepale kwenye benchi, na kwa kuwa mzee alibaki nyumbani, alimgeukia Simiyu.

"Sikiza vizuri. Mbwa ikiuma mtu haiuawi. Haiuzwi, haipelekwi kwa mtu mwingine. Inafungwa siku kumi, mimi nakuja kuiangalia. Ikimaliza siku kumi ikiwa mzima, basi haikuwa na ugonjwa siku ya kuuma. Ikikufa, tunataka kichwa, na kichwa isiwe imevunjwa, ndiyo tupime ubongo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Inafungwa."

"Itafungwa."

Simiyu alipeleka maneno hayo kwa mzee neno kwa neno. Hilo linanikera mpaka leo. Hakupunguza, hakuongeza.

Kitale nilipata sindano ya kwanza, na pamoja nayo ile nyingine ya kuzungushia kidonda. Hakuna aliyeniambia kuihusu ile, kwa hivyo nakuambia wewe. Dawa inaingizwa kwenye nyama iliyochanika, hapa, na hapa, na hapa, pembeni ya kila tundu la jino. Walinishika watu wawili. Niliuma kitambaa cha kichwa changu mpaka kikatoboka. Lakini hiyo ndiyo inayosimama mlangoni wakati chanjo bado inajipanga mwilini, ndivyo daktari alivyonieleza, na nilimwelewa. Kama ipo, usiikatae. Lia, tukana, lakini usiikatae.

Baada ya hapo maisha yangu yalikuwa sindano na benchi. Benchi la chumba cha chanjo nalijua kuliko kitanda changu. Unaketi na kina mama wa watoto wachanga, wanakuuliza mtoto wako yuko wapi, unawaonyesha mguu. Wanasogea. Nakumbuka mmoja alimfunika mtoto wake uso. Mtaani nako maneno yalinitangulia: nitabweka, nitatembea kwa mikono, nisipewe kikombe cha mtu. Mwenye harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema ati harusi imesogezwa mbele. Haikusogezwa, niliisikia ngoma yake.

Aliyebaki nami ni Mama Zuhura, jirani wa ukuta mmoja. Yeye na mumewe hawafugi mbwa, na alinitania kila asubuhi akileta uji. "Si nilikwambia hao wageni wenu wa miguu minne si watu?" Mguu ulikuwa umevimba ukang'aa, siwezi kukanyaga pedali ya cherehani, basi aliketi akanikanyagia yeye huku mimi naongoza kitambaa kwa mikono. Tulishona sare za darasa zima hivyo, tukigombana kuhusu mwendo.

Lakini usiku na mchana nilikuwa na swali moja tu: Soja yuko je? Uhai wangu ulikuwa umefungwa kwenye mnyororo ule wa Bumula. Akivuka siku kumi, nimepona, nitarudi kuwa mtu. Akifa, basi kilichokuwa kwenye mate yake kimo ndani yangu, na tumaini langu ni sindano peke yake. Nilikuwa nampigia Simiyu kila siku.

"Shemeji, Soja iko?"

"Iko, shemeji. Imefungwa."

"Unaiona kwa macho?"

"Naiona hapa kwa nyororo. Daktari alikuja na pikipiki akaikuta hivyo. Inarara tu."

Nilifurahi. Afisa naye alinipigia akasema ameenda mara mbili, asubuhi, na mara zote mbwa yuko kwenye mnyororo, amelala. Hatukujiuliza kwa nini mbwa mwenye nguvu vile analala asubuhi yote. Nilikuwa nakunywa maji mbele ya kioo, kwa maana nilisikia kwamba mwenye ugonjwa huu huogopa maji, koo linakataa. Nilimeza nikajitazama nikimeza. Kichwa kiliniuma, kidonda kikaanza kuwasha, na mwasho huo ulinitisha kuliko meno yenyewe. Wekesa aliamka akanikuta nakunywa kikombe cha nne, akanipokonya akakirusha ukutani. "Utajiua na maji!" alifoka. Tukagombana vibaya siku hiyo, tukatupiana maneno ya wazazi wetu, halafu akakaa chini akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mamake.

Baada ya sindano ya tatu Simiyu alisema jambo geni.

"Imekataa kukura. Inatoa mate. Mzee anasema ni mfupa imekwama."

Nilimwambia Wekesa twende. Sitaki simu tena, nataka kumwona mbwa huyo kwa macho yangu.

Tulifika Bumula asubuhi, na hatukuhitaji kuuliza Soja yuko wapi. Kelele zilikuwa barabarani. Watu wa pale wakiwa na mawe, majembe, miti ya uzio, walikuwa wamemzunguka Soja kwenye mtaro. Taya lilikuwa limelegea, mate yananing'inia hadi kwenye matope, na sauti aliyotoa haikuwa ya mbwa, ilikuwa kama mlango mbovu. Jirani mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba mbwa huyu ameingia zizini kwake akamng'ata mtamba pua. Jiwe la kwanza likampata Soja ubavuni, akageuka akauma jiwe. Akauma mpini wa jembe, meno yakabaki kwenye mti. Kisha wote wakashuka mtaroni.

Nilikumbuka maneno ya afisa nikaanza kupiga mayowe. "Msipige kichwa! Kichwa kinatakiwa! Jamani, msipige kichwa!"

Niliingia katikati yao na mguu wangu mbovu. Nilivuta mashati, niliuma mkono wa mtu mmoja, naam, nilimuuma, na wakarudi nyuma wakinitazama. Nikasikia mwanamke akisema, "Uuuwi, ameanza." Kijana mmoja aliinua jiwe kubwa la kukwangulia viatu kwa mikono miwili, na hakuliangusha mpaka alipokuwa juu ya kichwa cha Soja kabisa. Kilipasuka. Matope ya mtaro yaligeuka rangi, na mimi nilikaa chini hapohapo nikijua kwamba sasa sitaambiwa kamwe kama alikuwa na ugonjwa.

Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mnyororo mkononi. Alikuwa amekuja kumtafuta.

Afisa alifika mchana, akatazama kilichobaki, akatikisa kichwa. Hakuna cha kupima, alisema. Akamuuliza mzee taratibu, mbele yetu wote uani, "Baba, si tulisema mbwa ifungwe?"

"Imefungwa," mzee akasema. "Kira siku nimefunga. Kira asubuhi mimi mwenyewe, na hii mikono."

"Sasa ilifikaje kwa ng'ombe ya watu?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Hiyo ilikuwa usiku."

"Usiku haikufungwa?"

"Usiku si ni kazi yake?"

Hakuna aliyecheka. Nataka uelewe kwamba mzee hakudanganya, na Simiyu hakudanganya. Kwetu ukisema funga mbwa, unasema asubuhi. Jua likizama mbwa anafunguliwa, ndivyo anavyokuwa mbwa, la sivyo umefuga mbuzi. Afisa alisema ifungwe, ikafungwa, akaja mchana akaikuta imefungwa. Na kila jioni mkono wa mzee ukafungua mnyororo, Soja akaenda kuzunguka na ugonjwa wake kijijini, akarudi alfajiri akalala.

Wekesa hakutaka kuelewa lolote. Alimshika Simiyu shingo. "Uliniambia imefungwa!"

"Si imefungwa! Bana, niache, si umesikia imefungwa!"

Alimpiga ngumi ya mdomo, Simiyu akaangukia kuni, akainuka na panga lilelile alilobandulia meno yale. Sikuona likishuka. Niliona mkono wa Wekesa ukifunguka kutoka kwenye kiwiko kuja chini, mweupe kwanza, kisha damu. Majirani walimlalia Simiyu watu watano. Mzee alikaa tu kwenye kigoda chake na mnyororo mapajani, haangalii mtu. Jioni hiyo hospitalini tulikuwa mume na mke, yeye anashonwa mkono, mimi naulizwa kwa nini nalia kuliko yeye.

Sindano ya nne nilikwenda kuchomwa peke yangu. Wekesa alikuwa hasemi na nduguye, na mimi nilikuwa nasema na Mungu tu, tena kwa hasira. Mahindi ya Kitale yakafika magotini. Uvimbe ukashuka, mguu ukabaki na shimo ambalo kidole gumba kinaingia. Niliweza kukanyaga pedali tena, kwanza kwa kisigino. Mama Zuhura akanirudishia kiti changu akisema mshahara wake ameusamehe.

Wiki ya sindano ya tano, Simiyu alikuja. Alisimama mlangoni amebeba jogoo, amekonda. Wekesa akampokea jogoo. Nilimchinja nikapika, na ndugu wawili walikula kimya mpaka kwenye mapaja. Hapo ulimi wa Simiyu ukalegea, akaanza habari za nyumbani. Yule mtamba wa jirani, aliyeng'atwa pua, alikuwa amepata wazimu. Alinguruma siku mbili bila kunyamaza, akagonga ukuta wa jiko kwa kichwa mpaka ukaanguka na pembe moja ikang'oka, akawa anafukuza watu huku damu inamwingia machoni. Polisi walikuja wakampiga risasi. Afisa amesema basi hakuna shaka tena, Soja alikuwa na kichaa.

Niliweka mkono kwenye shimo la mguu wangu. Kwa hiyo kilikuwa mle. Na mimi nilikuwa nimeketi hapa, nimemaliza sindano, nakula kuku. Nilianza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Na ile mfupa ya mzee haikuonekana," Simiyu akaendelea, anacheka kidogo. "Ati alitafuta. Aliingiza mkono kwa koo ya Soja mpaka hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mkono. "Ikamkwaruza kwaruza tu, lakini mfupa, wapi."

Bakuli lilinitoka. Wekesa aliacha kutafuna.

"Mzee amechomwa sindano?" niliuliza.

"Ya nini? Haikumuuma. Ni mkwaruzo tu, imepona zamani."

Kesho yake asubuhi tulikuwa Bumula sote watatu. Mzee alikuwa chini ya ghala, mahali pa Soja, anapukuchua mahindi ya kusaga. Nilimwona mkono wa kulia: mistari miwili mikavu, ya kawaida, kama ya mwiba. Wekesa alimweleza. Simiyu alimweleza. Nilisimama mbali kama inavyotakiwa, nikasikiliza watoto wake wakimbembeleza.

"Mimi nimezaliwa na mbwa," mzee akasema. "Mkono imepona. Soja hakuniuma mimi, hata siku moja."

"Baba, ile mtamba imekufa."

"Mimi ni mtamba?"

"Baba, twende tu hospitali."

"Mkienda mtanipata hapa mkirudi."

Wakaangaliana. Watu wazima wawili, mmoja ana kovu la panga la mwenzake, na wote hawawezi kumshika baba yao. Nami nikakumbuka ile siku, mikono yangu hewani na yeye anarudi nyuma. Hasira iliyonipanda sikuijua ilikuwa imekaa wapi muda wote ule. Nilivuka ua nikamshika mkono. Ule wenye mistari, kwa mikono yangu miwili, nikavuta.

Mzee alitoa sauti kama amemwagiwa maji ya moto. Alinipiga begani kwa fimbo yake mpya. Nikavuta. Alinipiga tena, kwenye sikio, nikasikia mlio mmoja mrefu na damu ikanishuka shingoni, na nikavuta. Aliangukia magoti, nikamburuta kwenye maganda ya mahindi, namtukana, baba mkwe wangu, kwa maneno ambayo sitayaandika. Majirani walikuja mbio wakasimama uzioni, wameshika vinywa. "Soja hakukuuma, eeh?" nilikuwa nasema. "Mimi aliniuma! Mimi! Ulisimama ukaniangalia! Sasa na mimi nisimame nikuangalie?"

Fimbo ilisimama. Mzee alikuwa anahema, mkono wake ungali mikononi mwangu, anautazama. Nilidhani atanilaani.

"Umeshanishika," akasema. "Sasa imebaki nini?"

Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda mbele yangu barabarani.

Chanjo tuliipata Kitale, na ile ya kuzungushia pia, na hakumwacha mtu amshike. Kwenye benchi aliketi, nami nikaketi mbali, kisha muuguzi akaniambia nisogee kuna wagonjwa wengine, nikasogea mpaka bega langu likagusa lake. Sikio langu lilikuwa na bandeji. "Na wewe uliumwa wapi?" muuguzi akaniuliza. "Hapa sikuumwa," nikasema, na mzee akatazama ukuta.

Kwa kuwa baba halali nyumba ya mwanawe, ilikuwa tabu nyingine: atalala wapi kati ya sindano? Mama Zuhura na mumewe wakampa chumba. Mzee Mkristo wa Bumula, muumini wa kanisa tangu ujana, aliamshwa na adhana alfajiri zote za sindano zake, na alipoondoka walimfungashia halua. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba wale ni watu.

Daktari hakutuficha. Mzee alikuwa amechelewa, wiki tatu nzima. Inaweza kufaa, inaweza isifae, na ugonjwa ukishajionyesha hakuna dawa. Kilichobaki ni kungoja. Basi nikaanza kumtazama akinywa. Kila tulipokwenda Bumula, kupalilia, kuweka mbolea, kuvunja mahindi mabichi, niliweka kikombe kwenye kigoda na sikuondoka haraka. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko nikiangalia koo lake. Likipanda na kushuka, napumua. Siku moja alipaliwa na chai akakohoa, na nilijikuta nimeshika ukuta. Alikuwa amecheka tu kitu alichosema Simiyu.

Wewe uliyeumwa, uliza maswali ya kijinga. Ukiambiwa mbwa afungwe, uliza: mchana na usiku? Kwa mnyororo au ndani ya nyumba? Nani ana ufunguo? Uliza nani mwingine amemgusa mdomo, hata kama hakuumwa. Na sindano zako uchomwe zote, usimngoje mbwa akuambie. Ningengoja Soja, nisingekuwa naandika.

Mavuno ya Bumula yalifika, mahindi yakatandazwa uani kwenye maturubai. Mzee alikuwa amepewa mbwa mwingine, kijana, aliyechanjwa, na mzee husema alimchanja mwenyewe, maana ndiye aliyemshikilia mbwa afisa akichoma. Jumamosi hiyo mnunuzi wa mahindi kutoka Misikhu alimkanyaga mkia mbwa huyo, akaumwa kidogo kisigino. Sikungoja mtu. Nilimkalisha mnunuzi kwenye mfereji nikamwosha mpaka akaniomba msamaha. Aliondoka kwenda sindano, na afisa akaja na pikipiki yake akasema maneno yaleyale. Inafungwa siku kumi.

Jua lilipoanza kushuka, mbwa akasimama akatikisa mnyororo. Alijua saa yake. Simiyu alimwangalia mzee.

"Baba, ni jioni. Unafungua?"

"Imefungwa."

"Na ng'ombe?"

Mzee aliingia ndani akatoka amevaa koti lake kubwa, ana rungu na tochi. Akachukua kigoda kutoka chini ya ghala, akakibeba hadi kwenye lango la zizi, akaketi akitazama barabara. Nyuma yake mbwa alilia kidogo, kisha akalala.

"Mtu akiuliza," mzee akasema, "mwambieni soja wa usiku ni mimi."

Nilimpelekea chai. Kigoda alikuwa amekikalia, hapakuwa na mahali pa kuiweka. Nikasimama nayo. Akanyoosha mkono, ule wenye mistari, akaipokea kutoka mkononi mwangu, na sikurudi nyuma ya mlango wa jiko, nilibaki palepale. Alikunywa taratibu mpaka chini.

"Ongeza," akasema, akanirudishia kikombe.